Mbwamwitu wa Sponji

Jumanne, 4 Juni

Leo nimepewa kazi ambayo hakuna fundi makochi duniani amewahi kupewa. Natia chumvi? Labda kidogo. Lakini mimi nimeshona viti katika nchi tatu. Nimetengeneza makochi ya wakubwa nisioweza kuwataja hata humu kwenye daftari langu mwenyewe. Sijawahi kusikia mtu anaingia karakana na kusema: nishonee mbwamwitu.

Mpwa wangu ndiye aliyekuja. Binti wa dada yangu, yule aliyeacha chuo cha uuguzi mwaka jana ili atengeneze filamu. Akakaa kwenye kochi lisilo na mgongo bado, akaeleza. Ni filamu ya kutisha. Mtu wa kawaida kabisa, mpeleka barua, mwezi ukiwa mpevu anageuka mbwamwitu. Na anampenda binti wa duka la dawa. Basi, hiyo ndiyo hadithi. Kamera ipo, ya kuazima. Waigizaji wapo, wa kuazima pia. Mbwamwitu tu ndiye hayupo.

Nikamwuliza anamtaka wa aina gani. Akasema wa kutisha, Mjomba. Nikamwambia basi umefika, teremka.

Hakucheka. Akanieleza la pili. Mama yake, muuguzi mwenyewe, amempa sharti. Filamu ionyeshwe mara moja mbele ya watu, tena ndugu hatuhesabiwi. Wakikaa mpaka mwisho, Dada hatataja tena neno chuo. Wakianza kunyanyuka na kutoka — basi, anarudi uuguzi. Chuo kinafunga kupokea fomu tarehe 24, na Dada ameshaijaza yote. Imebaki sahihi ya binti. Jamani, Dada! Hata adhabu anaitandika kama kitanda cha wodini. Shuka limenyooka, hakuna mkunjo.

Nikajipiga kifua. Nikasema kwa mnyama nitakayemshona mimi, watu hawatatoka kwa sababu watakuwa wamezimia.

Sasa nipo peke yangu na daftari. Mbwamwitu anashonwaje?


Alhamisi, 6 Juni

Mablanketi mawili ya manyoya, kahawia. Moja limeliwa na nondo upande. Upande huo utakuwa tumbo. Meno nimeyakata kwenye dumu jeupe la mafuta ya kula. Mabega na mapaja nimejaza sponji, ile ngumu ya daraja la kwanza, maana mnyama wangu hawezi kuwa na mabega ya bei rahisi.

Kitu cha aibu. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma. Saa kumi jioni nimesimama nyuma kidogo niitazame kazi yangu — nimeweka vifungo! Mgongoni! Vifungo sita vimevutwa ndani, na mikunjo ya pembe nne katikati, kama kochi la sebule ya mkurugenzi. Mkono wa miaka ishirini na sita haukusubiri kichwa kiseme.

Mke wangu akaleta chai. Akamzunguka mara moja. Akauliza, Baba watoto, huyu mnyama anakimbiza watu au anakaliwa?

Nimevitoa vifungo. Matundu yamebaki. Nimeyafunika na manyoya, ila ukiyajua unayaona.


Jumamosi, 8 Juni

Vipimo!

Mpwa alikuja na mwigizaji wake wa mbwamwitu, mwalimu wa mazoezi ya viungo. Mrefu, mwembamba kama ufito wa pazia. Akavaa. Mnyama akamning'inia kama nguo iliyoanikwa. Sponji ya bega ikawa kwenye kiwiko. Mkia — nisiuseme mkia ulipokuwa.

Mpwa akauliza kwa upole, Mjomba, ulichukua vipimo vya nani?

Sasa mimi kochi nalipima kwa mtu aliye mbele yangu. Karakana nzima mtu alikuwa mimi. Nikajipima. Sikuona kosa lolote!

Hakuna blanketi jingine la manyoya hayo. Siku za kuanza upya hakuna. Mwalimu akavua, akashukuru. Nadhani alifurahi. Wote wakanigeukia mimi.

Kwa hiyo kuanzia leo mimi ni mbwamwitu. Miaka arobaini na tisa, kitambi kidogo cha heshima. Nimeshamwambia kinyozi, mwuza magazeti, mafundi baiskeli wote wa kona na baba mwenye nyumba. Nimewaambia waje na mtu wa kuwashika mkono. Kinyozi akauliza kama mbwamwitu wa kitambi naye hutisha. Nikamwambia huyo ndiye ameshakula wengine.


Jumatano, 12 Juni

Siku ya kwanza ya kupiga picha. Tunapiga jioni, jua likishazama na mwanga kidogo umebaki. Mpwa anasema kwenye kompyuta utakuwa usiku mzuri. Kamera anashika mpiga picha za harusi. Bwana huyo amezoea maharusi hadi ananiambia, bwana mbwamwitu, tabasamu kidogo! Ndani ya kinyago mimi nilitabasamu kweli. Bure tu.

Joto humo ndani! Sioni ila kipande cha dunia, ukubwa wa kiganja. Nimemvamia mtu siye. Nimemvamia mshika maikrofoni.

Lakini kuna jambo nimelifikiria njiani wakati wa kurudi, na sijui nani wa kumwambia.

Mimi filamu za aina hii nimeziona nyingi. Enzi zile tunashona viti vya mabasi ya masafa marefu, tunalala nyumba za wageni za ovyoovyo, na kila moja ina televisheni na mnyama fulani anatoka kichakani. Zile kubwa za pesa nyingi sikumbuki hata moja. Kila unywele umechorwa, kila tone la damu linang'aa. Unatazama, unashiba, unalala. Lakini zile za kimaskini! Mkono mmoja wenye kucha unapita dirishani. Mlango unalia. Kivuli. Basi. Mnyama mzima unamtengeneza mwenyewe kichwani, na kila mtu anatengeneza yule anayemjua yeye. Niliwahi kuona wanaume kumi na mbili, madereva watu wazima, wamegoma kwenda chooni kwa sababu ya glavu na mlango.

Filamu tajiri inakufanyia kila kitu. Filamu maskini inakuomba uisaidie kubeba. Na mtu akishabeba kitu pamoja nawe hatoki katikati ya njia.

Nilimwambia Mpwa hivyo, siyo vizuri kama nilivyoandika hapa. Akanitazama. Akasema, ndiyo maana sikuonyeshi mzima mpaka dakika ya arobaini, Mjomba.

Huyu mtoto ana akili. Kwa upande wa kwetu, bila shaka.


Ijumaa, 14 Juni

Nimeaibika. Acha niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Leo ndiyo ilikuwa dakika ya arobaini yenyewe. Mbwamwitu anaonekana mzima. Kijito nyuma ya mitambo ya maji, maji ya magoti tu. Binti wa duka la dawa anakimbia — ni mfamasia kweli, siyo mwigizaji, alikuja na koti lake jeupe la kazini. Mimi navuka mbio, natoka ng'ambo, nasimama, naubwekea mwezi. Watu wazimie.

Nikaingia kwenye maji kama simba. Katikati nikajikwaa, nikaenda chini mzima mzima.

Sponji, jamani. Ya daraja la kwanza! Miaka ishirini na sita nawaambia wateja: usilimwagie maji, sponji hii inakunywa. Mimi mwenyewe nawaambia! Ikanywa. Mabega yakanywa, mapaja yakanywa. Niliposimama nilikuwa nimembeba mtu mwingine mgongoni, na mwenzake kila mguu. Nikafika ng'ambo. Hatua moja. Ya pili. Nikakaa.

Nikakaa chini! Miguu mbele, kama mtu aliyechelewa basi. Mkono mmoja kiunoni, wa pili najifuta uso kwa kiganja cha manyoya. Maji yananitiririka kila upande. Nikahema weee.

Mfamasia akasikia hakuna miguu nyuma yake. Akageuka. Anatakiwa apige kelele na kukimbia, ndivyo ilivyoandikwa. Akanitazama. Akauliza — kwa sauti ileile anayoulizia watu dirishani kwake — Unaumwa?

Sikuweza kusema. Nikainua mkono: subiri kidogo.

Mpiga picha za harusi alicheka hadi akalala kwenye nyasi, lakini kamera aliiacha juu ya stendi yake ya miguu mitatu, inachukua tu. Mpwa hakucheka. Alisimama na makaratasi yake kifuani. Mwanga ukaisha pale pale.

Kurudia haiwezekani. Mfamasia kesho anasafiri kwenda kwenye mafunzo ya wiki mbili. Mbwamwitu hatakauka kabla ya Jumatatu.

Nikasema, mpwa wangu, kata kipande chote hicho, mtu asikione. Akasema, nitakata, Mjomba, usijali. Akanishika bega. Bega likatoa maji.


Jumapili, 16 Juni

Yupo kwenye kamba ya nguo. Bado anatonesha. Jirani amegonga kuuliza kama tumefiwa na mbwa.


Jumatano, 19 Juni

Mpwa alikuja na laptopu kutuonyesha alichounganisha. Mimi na mke wangu, mezani, baada ya chakula cha mchana. Karibu saa nzima ya filamu. Naapa, kuna mahali nilisisimka mwenyewe, na mnyama ni mimi! Pale kucha zinapokwaruza sanduku la barua. Nimeona dakika nyingi nisizoonekana, na ndizo nilizotisha zaidi. Nimelitafakari hilo, siyo tamu sana kwa mtu kama mimi.

Kijito hakikuwepo. Filamu inaruka kutoka msituni moja kwa moja hadi asubuhi, mpeleka barua kalala shambani na nguo zimechanika. Mke wangu akauliza, hapo katikati kumetokea nini? Mbona kama ukurasa umechanwa?

Mpwa akasita. Akamfungulia kile kipande, peke yake, kando.

Mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Nilianguka majini, akacheka. Nilikaa, akacheka. Nikajifuta uso — na kicheko kikakoma. Sikukiona kikikoma, nilisikia tu hakipo. Mfamasia akauliza, Unaumwa? Mke wangu akasema polepole, si kwetu sisi, kwa yule wa kwenye kioo: maskini wee. Amechoka na umbwamwitu wake.

Nimewaza tangu saa ile. Hicho ndicho nilichokosa kukisema siku ile nilipoandika habari za madereva. Hofu inamleta mtu kwenye kiti, sawa. Ila mtu habaki kwa hofu. Hofu inachoka upesi, mara tatu nne umeshaizoea. Anabaki kwa sababu ameanza kumhurumia mtu fulani mle ndani na anataka kujua atafikaje nyumbani. Na yule mnyama wa pesa nyingi, misuli mitupu, nani atamwonea huruma? Wetu amelowa. Unaona kabisa kuna mtu ndani. Matundu ya vifungo yanaonekana! Unacheka kwa sababu unaona kuna mtu, kisha unaacha kucheka kwa sababu hiyohiyo.

Nikamwambia Mpwa akirudishe.

Akakataa. Tukabishana, siyo kidogo. Akasema ameandika filamu ya kutisha, hajaandika vichekesho. Akasema, watakucheka wewe, Mjomba. Umewaambia mtaa mzima watazimia.

Nikasema, na wanicheke.

Maneno mawili. Yalinitoka kama jino. Mke wangu alinitazama kana kwamba nimezungumza lugha ya kigeni.

Mpwa akafunga laptopu. Akasema atafikiri. Mlangoni akageuka: na Mama je? Mama akisikia kicheko?

Nikamwambia, Mama niachie mimi. Kama vile kuna mtu aliyewahi kumweza Dada yangu.


Ijumaa, 21 Juni

Nimekwenda kwa Dada. Alikuwa ametoka zamu ya asubuhi, miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Dada huyu ndiye aliyenilea, nimepita umri wa kuogopa mtu lakini kwake bado naingia nimevua kofia.

Nilijidai nimepita tu. Akasema, kaa, na useme ulilotumwa.

Nikamwuliza, Dada, kwa nini sharti hilo? Kwani mtoto hawezi kushindwa taratibu kama watu wengine?

Akasugua kisigino. Akasema wodini watu wanamwogopa, na hilo halimsumbui. Akasema angeweza kuvumilia binti yake awe maskini, angemlisha. Awe hana jina, sawa. Ila siku moja alipita sokoni akasikia wanawake wawili wanamsema, yule aliyeacha uuguzi anakimbiza watu na mablanketi — na wakacheka. Akasema, mdogo wangu, kile kicheko bado ninacho humu. Akagusa kifua. Akasema, nikisikia ukumbi mzima unamcheka mwanangu, sitasubiri wao watoke. Nitainuka mimi, nitamshika mkono, tutaondoka.

Mimi niliyejaa maneno! Mimi wa nchi tatu! Nikamletea taulo.

Njiani nimempigia Mpwa. Nikamwambia kiondoe kile kipande kama umekirudisha. Akauliza kwa nini. Nikamwambia alichosema Mama yake. Kisha akasema, Mjomba, juzi ulikuwa na hakika. Nikasema, juzi nilikuwa sijaiona miguu yake kwenye beseni.

Akasema, usiku mwema, Mjomba. Saa kumi na moja jioni!

Sijui amekiondoa au amekiacha. Hakuniambia, na sikuwa na uso wa kuuliza tena.


Jumamosi, 22 Juni

Naandika humu humu ukumbini, kiti cha nyuma kabisa, kwa tochi ya simu. Nisipoandika nitapasuka.

Ukumbi wa chama cha walimu. Filamu ilianza saa tisa alasiri. Mapazia mazito yamefungwa yote, giza safi. Watu wamejaa kuliko nilivyodhani! Walimu, wauguzi wenzake Dada, mtaa wangu mzima, na wengine nisiowajua kabisa, walioingizwa na mvua ya ghafla huko nje. Dada safu ya tatu, pembeni, karibu na njia. Amevaa nguo ya kutokea. Mkoba mapajani, ameushika kwa mikono miwili. Mtu aliyekaa hivyo hajakaa.

Mwanzo ulikwenda. Kimya kizuri. Sanduku la barua — mwanamke wa mbele akapiga kelele, mumewe akamcheka, kisha mume naye akaruka! Nikahesabu walioinuka: mmoja, na alirudi.

Kisha msitu. Kisha sikuona asubuhi. Nikaona maji.

Amekiacha.

Nikaanguka kwenye kijito mbele ya watu wote ninaowajua. Ukumbi ulilipuka! Kinyozi sauti yake naijua, alikuwa akipiga kiti kwa kofi. Mtu akapaza: huyo si yule fundi makochi? Sponji imekunywa hiyo! Mbavu za watu. Mimi sikutazama kioo. Nilitazama shingo ya Dada. Shingo ilinyooka. Mkoba ukatoka mapajani ukaja kwenye kwapa. Mpwa alikuwa kwenye meza ya projekta, hatua mbili kutoka kwangu, naye anatazama shingo ileile. Nimemshika mkono.

Mbwamwitu akakaa. Wakacheka. Akahema. Wakacheka, ila kidogo. Akajifuta uso.

Kicheko kikakoma. Kama kule mezani kwangu, ila hapa ni watu karibu mia na ishirini. Unasikia mvua juu ya bati. Mfamasia akageuka, Unaumwa? — mbwamwitu akainua mkono —

Umeme ukakatika.

Giza. Feni inazunguka ikielekea kusimama. Mpwa amekaa sakafuni, kichwa magotini. Nimemwambia utarudi. Ametikisa kichwa tu. Sasa dakika kumi. Milango ipo wazi nyuma yangu, mvua imepungua, mtu anayetaka kwenda ana njia na ana sababu. Hakuna wa kumlaumu.

Naandika ninayoyasikia. Mwanamume wa kushoto anasema mkono ule ni wa kupiga, binti kwisha habari yake. Mwanamke anamwambia kupiga gani, mwenzako anaomba nafasi apumue, hujawahi kukimbia wewe? Mwingine anasema atamla tu, ndiyo kazi yake. Kinyozi — kinyozi! — anasema kwa hasira, mwacheni, tangu asubuhi anapeleka barua huyo. Wanabishana safu nzima. Kuna mwalimu amesimama. Amekwenda hadi mlangoni, ametazama mvua. Amesimama hapo. Anasikiliza.

Dada hajanyanyuka. Hajaketi vizuri pia. Mkoba bado kwapani. Simwoni uso.

Mlinzi wa ukumbi ameingia na funguo zake, analalamika mnakaaje gizani kama popo. Amekwenda dirishani. Amevuta pazia moja, mwanga wa alasiri ukaingia mweupe juu ya vichwa vya watu — na watu wamepiga kelele, aah, aah! Wamefunika macho. Yeye ameshangaa, mkono juu ya pazia, hajui kosa lake.

Na nimesikia sauti ya wodini. Ile inayofanya wagonjwa warudi vitandani.

"Funga pazia, baba. Huko bado ni usiku."